Mluzi wa bawa: kelele ya ndege isiyotoka kwenye injini

Ndege inapokaribia kutua, rubani huwa ameshapunguza nguvu ya injini. Mbona aliye chini bado anasikia mvumo? Sehemu kubwa ya mvumo huo ni hewa inayokwaruzana na magurudumu, mabawa na flapi, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua.

Juu ya bawa, hewa hujiviringa katika vizingia vidogo visivyoonekana. Vikifika ukingo wa nyuma, bawa linaishia ghafla, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Mwaka 1970 watafiti Ffowcs Williams na Hall walionyesha kwa hesabu kuwa nguvu ya sauti hiyo hupanda kwa kipeo cha tano cha kasi: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya sauti inakuwa mara 32, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 zaidi.

Kuipima ndiyo kazi. Umewahi kumpigia mtu simu ukiwa juu ya bodaboda? Anachosikia ni upepo tu. Kwa hiyo katika handaki la upepo, yaani chumba cha majaribio ambamo feni hupuliza hewa kwenye bawa, maikrofoni huwekwa nje ya mkondo wa hewa, na kuta huvikwa sponji nene ili sauti isirudi.

Tena maikrofoni moja haitoshi, maana hupokea kila kitu, hata feni ya handaki lenyewe. Hutegwa makumi, pengine zaidi ya mia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyo mbali zaidi kwa sentimita 34 huipata ikiwa imechelewa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutokana na machelewo hayo madogo, kompyuta huchora ramani ya bawa na kuonyesha ni wapi hasa panapopiga kelele.

Mfano ninaoupenda ni Airbus A320. Vipimo vya ndege zikipita angani, vilivyofanywa na Lufthansa na kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, vilinasa mluzi mwembamba. Chanzo kilikuwa matundu ya duara chini ya mabawa, ya kusawazisha shinikizo la tangi za mafuta. Hewa ikipita juu yake, hulia kama mdomo wa chupa ukiupuliza.

Tundu halikuzibwa. Kuanzia 2014 Lufthansa ilifunga kibamba kidogo mbele yake, kinachoivuruga hewa kabla haijalifikia. Mluzi ukakatika, na ndege ikiwa kati ya kilomita 17 na 10 kutoka uwanjani, kelele ikashuka kwa hadi desibeli 4.