Kizigeu cha Kundi Katika Picha za Difusheni Hakisimami Peke Yake

Katika uchambuzi wa picha za difusheni za ubongo, yaani picha za MRI zinazoonyesha jinsi maji yanavyosambaa ndani ya tishu, modeli ya mstari (mlinganyo unaojumlisha vigezo, kila kimoja kikizidishwa kwa namba yake iitwayo kizigeu) hutumika mara mbili, na watafiti wengi huikagua mara ya pili tu.

Mara ya kwanza ni ndani ya kila vokseli, yaani kijichemraba kimoja cha picha, ya mtu mmoja. Ishara ya MRI hupungua kwa kufuata kipeo kadiri maji yanavyosambaa zaidi katika mwelekeo unaopimwa. Tukichukua logi yake, uhusiano huo hunyooka, na tensa ya difusheni, yaani jedwali la namba linaloeleza maji yanavyosambaa kila upande, ambayo Basser, Mattiello na Le Bihan waliieleza mwaka 1994, hukadiriwa kwa modeli yenye visivyojulikana 7: vipengele 6 vya tensa pamoja na ishara ya msingi. Lakini logi hukuza kelele pale ishara inapokuwa dhaifu, yaani hasa katika mwelekeo wa nyuzi za neva, ambako maji hupita kwa urahisi. Ndiyo maana nasisitiza kila kipimo kipewe uzito unaolingana na mraba wa ishara yake. Kuvihesabu vipimo vyote kuwa sawa ni kuviamini kupita kiasi vile vilivyo dhaifu zaidi.

Tensa hiyo hutupatia FA (fractional anisotropy), kipimo cha kati ya 0 na 1 kinachoonyesha jinsi maji yanavyopendelea mwelekeo mmoja, na hapo modeli ya pili huanza kulinganisha watu. Safuwima za matriki ya modeli hii, yaani vigezo tunavyoviingiza kama vile kundi na umri, ndizo zinazoamua swali linaloulizwa. Tuseme tunalinganisha wagonjwa na watu wenye afya, na wagonjwa hutikisa kichwa zaidi wakiwa ndani ya mashine: mtikisiko hupotosha FA, kwa hiyo usipokuwa na safuwima yake, kizigeu cha kundi huubeba kana kwamba ni ugonjwa. Ukiongezwa, hali haiponi moja kwa moja, kwani kundi na mtikisiko vikienda sambamba mno, kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika kuhusu kizigeu) hupanda, na hakuna hesabu iwezayo kutenganisha kile ambacho data yenyewe haikukitenganisha. Umri nao una mkunjo, maana FA hupanda utotoni na kushuka uzeeni. Mraba wa umri unaweza kuongezwa, na modeli bado ni ya mstari kwa sababu umstari wake umo katika vizigeu.

Vokseli 100,000 zikipimwa kwa kiwango cha 0.05, yaani kukubali uwezekano wa 5% wa kuona tofauti isiyopo, takriban 5,000 zitaonekana na tofauti hata kama tofauti yoyote haipo. Ili kuzuia hilo, napendelea kuchanganya upya lebo za makundi (nani mgonjwa, nani mwenye afya) mara maelfu na kulinganisha matokeo na thamani ya juu kabisa ya kila mchanganyo.

Hata baada ya hayo, FA kubwa si lazima iwe nyuzi zenye afya. Mahali nyuzi zinapopishana, kundi moja la nyuzi likidhoofika, FA huweza kupanda. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote kuhusu uharibifu wa neva, mimi hutazama thamani 3 za tensa (eigenvalues), yaani kiasi cha usambaaji katika mielekeo yake 3 mikuu, kila moja peke yake, katika vokseli zilezile.