Unga kwenye kucha: tunavyowadhania wanafunzi wetu wanaofanya kazi

Nafundisha Hisabati shule ya kata, wilaya ya Temeke. Mwaka huu kuna binti wa kidato cha tatu ambaye kila kipindi cha kwanza alikuwa analaza kichwa kwenye dawati. Nilimsimamisha wee, mpaka siku nilipomwita pembeni nikaona unga umekaukia kwenye kucha zake. Nikamwomba anihesabie siku yake.

Saa 10 alfajiri anaamka kukaanga maandazi na mama yake. Saa 11:30 yuko kituoni, mbele ya Rangi Tatu, anagombania daladala na watu wazima, maana konda akiona sare anaikumbuka ile nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, anapiga bodi gari linaondoka. Vipindi vinaisha saa 8:30 mchana. Twisheni hadi saa 11, foleni, nyumbani saa 1 usiku. Anapika, anaosha vyombo, anakanda unga wa kesho. Daftari analifungua saa 4 usiku na saa 5:30 analala. Jumla ya usingizi wake ni saa nne na nusu.

Tangu siku hiyo, maneno tunayoambiana kwenye vikao vya wazazi nayasikia tofauti.

"Mtoto akishika hela, shule basi"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na lina chembe ya ukweli. Marekani, ambako wanafunzi wengi wa sekondari huajiriwa madukani na migahawani baada ya vipindi, jambo hili limechunguzwa kwa miongo mingi. Utafiti wa Laurence Steinberg na Sanford Dornbusch, uliochapishwa 1991, ulikuta kwamba kadiri saa za kazi kwa wiki zinavyozidi, ndivyo na matatizo ya shule yanavyozidi, na watafiti wengi huko hutaja saa 20 kwa wiki kama mpaka wa hatari. Wengine wakajibu kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilikuwapo kabla ya kazi, kwa sababu mtoto aliyekwisha kata tamaa na shule ndiye hukimbilia ajira ya saa nyingi. Kwa hiyo hela peke yake haimtoi mtoto darasani.

Nilipojumlisha maandazi ya alfajiri na unga wa usiku, binti yule alifikisha kama saa 12 kwa siku sita. Si nyingi. Ubaya ni kwamba zote zimekatwa kitandani. Darasa hilohilo lina kijana anayemshikia mama yake genge Jumamosi kutwa nzima, na asilimia anazipiga kichwani kabla sijamaliza kuandika swali.

"Sheria inakataza mtoto kufanya kazi yoyote"

Haikatazi yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomzuia kwenda shule. Chini ya miaka 14 ni marufuku kumwajiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza mtoto kuajiriwa kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Najua mama wa maandazi si mwajiri wa mwanawe. Lakini aliyeandika saa zile alijua mwili wa mtoto unahitaji nini, na mzazi anaweza kuzifuata hata asipolazimishwa.

"Anayekesha ndiye anayefaulu"

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu hata sisi walimu tumeibeba dhana hii. Ikikaribia Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiwa mlangoni, tunawasifia waliotia miguu kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 unasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Katika usingizi ndipo ubongo unapoyapanga na kuyakaza yaliyosomwa mchana. Ukiukata, umekata na kusoma kwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Mtoto akibalehe, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huchelewa kuanza kupanda usiku kuliko alipokuwa mdogo. Ndiyo maana saa 3 usiku macho makavu, na saa 11 alfajiri unamvuta kama gunia. Huo si uvivu. Ukimwekea na simu mkononi, hali inazidi kuwa mbaya.

"Twisheni zikiongezeka, alama zinaongezeka"

Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini fupi. Wengine waliirudia kuisoma, wengine waliifunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojijaribu waliwaacha mbali. Nusu saa ya kufunga daftari na kujiuliza maswali inaweza kumsaidia mtoto kuliko saa mbili za kunakili madesa kwenye chumba chenye watu sitini. Haina ada, tena inafanyika hata kwenye siti ya daladala.

"Vyombo na maji si kazi, ni malezi"

Ni malezi kama na kaka yake anaosha. Wavulana wangu wakitoka shule huenda uwanjani, na mpira si upotevu wa muda, mwili na akili vinauhitaji. Ila wasichana nikiwauliza walicheza lini mara ya mwisho, wanatazamana.

Mama wa binti yule alikuja shuleni, akaniamkia kwa heshima na kuketi pembeni ya benchi. "Mwalimu, mimi nilijua ni malaria, nikampeleka kupima mara mbili." Tukachukua karatasi tukapanga saa. Twisheni ibaki siku mbili. Vyombo achukue mdogo wake wa kiume. Alfajiri ya Jumatatu hadi Ijumaa mama akaange na shangazi mtu, binti aingie jikoni Jumamosi.

Sasa analala saa 3:30 usiku, anaamka saa 11. Hata saa 8 hazijafika. Jumatatu iliyopita, kipindi cha kwanza, alinyoosha mkono akaomba kwenda ubaoni. Lilikuwa swali la duara. Akakosea hatua ya pili, akaiona mwenyewe, akafuta kwa kiganja na kuanza upya.