Je, wajua kwa nini donge la titi huchomwa sindano kabla ya kupasuliwa?

Vidole vya daktari hata viwe vizoefu namna gani, havijui kama donge ni saratani. Jibu limo ndani ya nyama, na kuichukua hakuhitaji chumba cha upasuaji. Donge likishikika kwa mkono, kitanda, ganzi na sindano nene vinatosha, hata altrasaundi isipokuwepo.

Sindano nyembamba, geji 22 au 23 (geji ni kipimo cha unene: namba ikizidi, sindano huwa nyembamba zaidi), hufyonza seli tu. Ni rahisi, ila seli zilizotawanyika hazionyeshi kama saratani imeshavamia nyama ya jirani. Sindano ya geji 14 hukata kinyama chembamba kuliko njiti ya kiberiti, ambacho hupimwa pia vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazonasa homoni. Hivyo ndivyo huamua kama vidonge vya tamoksifeni, dawa inayozuia homoni kuchochea saratani, vitamfaa mgonjwa.

Baada ya ganzi (lignokaini ya asilimia 1, mililita 5 hadi 10), ngozi huchanjwa milimita 2 au 3. Mkono mmoja hubana donge lisikimbie, mwingine huingiza sindano ikiwa imelala sambamba na ukuta wa kifua. Ikisimamishwa wima ni hatari: ncha hufyatuliwa na springi, ikaruka hadi sentimita 2 kwa mpigo mmoja na inaweza kutoboa pafu. Mgonjwa asikilizishwe kwanza mlio wa "ta!" wa sindano ikifyatuka, maana akishtuka donge husogea.

Vinyama 3 hadi 5 hutosha. Kinachozama kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ni chema. Kinachoelea mara nyingi ni mafuta matupu, chukua kingine. Kisha kidonda kibanwe dakika 10 kamili, damu isije ikavilia.

Kazi nzuri huharibikia kichupani. Formalini iwe ya asilimia 10, yaani sehemu 1 ya ile kali ya dukani kwa 9 za maji ya bafa (yenye chumvi za kuzuia uchachu usibadilike), na ujazo wake uwe angalau mara 10 ya nyama. Maji ya dripu hayafai. Nyama huoza humo. Lebo ibandikwe kwenye kichupa, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Ili vipokezi visomeke, nyama ikae kwenye formalini saa 6 hadi 72. Ndiyo maana kituo kinachotuma sampuli kwa basi hufanya vyema kuchoma sindano Jumatatu au Jumanne: ya Ijumaa mchana hutimiza saa 72 Jumatatu mchana, pengine bado iko njiani.

Jibu likirudi "si saratani" ilhali donge ni gumu na ngozi imevutwa ndani, kipimo kirudiwe.