Spiriti ya Malawi haikuyeyusha pistoni yako

Juzi tena. Corolla ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imetoka Karonga, Malawi, imeanza kumisi ilipofika Kyela, imepanda Tukuyu kwa shida, na mwenyewe amenipa jibu kabla sijafungua boneti: "Fundi, petroli ya Malawi ina spiriti, imekula pistoni." Nilimsikiliza kwa heshima, ni mtu mzima. Lakini maneno haya nimeyachoka, kwa sababu kila anayeyaamini anafungua injini nzima wakati ugonjwa uko kwenye filta.

Petroli ya Malawi ina etanoli, ndiyo hiyo spiriti, hilo ni kweli. Wanachanganya tangu 1982, spiriti inayotengenezwa Dwangwa kwa molasi ya miwa. Ila etanoli haili pistoni. Oktani yake, yaani uwezo wa kuzuia injini kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda), ni kubwa kuliko ya petroli, na inapogeuka mvuke inapooza hewa inayoingia kwenye silinda. Pistoni huyeyushwa na hewa nyingi kwa mafuta kidogo, pamoja na injini kugonga na kuchemka.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na ndipo watu wanapopapita mbio. Kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7 ili iungue vizuri. Etanoli inataka kilo 9 tu, kwa sababu imebeba oksijeni yake. Kabureta halijui hilo. Jeti inayopimia petroli ni ile ile, tundu lake ni lile lile, kwa hiyo ukitia mchanganyiko wenye etanoli asilimia 10 injini inapata mafuta pungufu kwa karibu asilimia 4. Sasa kumbuka unaishi wapi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta lililopangwa kwa hewa ya pwani, huku kwetu linamwaga mafuta ya ziada, kama asilimia 8. Plagi zinatoka nyeusi, nanyi mnazijua. Kwa gari la namna hiyo, etanoli inasogeza mchanganyiko karibu na pale unapotakiwa kuwa! Wa kuogopa ni yule aliyebadilishiwa jeti ndogo ili gari lisile mafuta hapa juu, kisha akashuka nalo Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi, akajaza tenki huko na kulikimbiza juani. Mapungufu mawili yamejumlika. Huyo namwambia arudishe jeti ya zamani kabla hajashuka, na sitanii.

Magari yasiyo na kabureta, ya nozeli zinazopuliza petroli, yenye sensa ya oksijeni kwenye moshi yanajirekebisha yenyewe. Hayo tuyaache.

Tuje kwenye madhara ya kweli. Etanoli inasafisha. Uchafu ulioganda kwenye tenki miaka yote unang'oka na kusafiri hadi kwenye filta, na hicho ndicho nilichokuta kwenye Corolla ile: filta imejaa vumbi la kutu, dayaframu (utando wa mpira) ya pampu ya petroli imekakamaa. Pistoni hazikuwa na alama yoyote. Halafu kuna mipira. Mipira ya mafuta ya zamani, ncha ya sindano ya floti (inayofunga petroli kabureta likijaa) na gasketi nyingine huvimba au kulainika zikikaa kwenye etanoli. Hapa niseme ukweli: nikishika mpira uliopasuka wa gari la 1985, siwezi kuapa kama ni spiriti au ni umri. Hata ule unga mweupe wa kutu ndani ya kabureta, ambao nao husingiziwa spiriti, nimeuona kwenye magari ambayo hayajawahi kuvuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Kwa hiyo sibishani, nabadilisha mipira yote kwa ile inayovumilia etanoli, na filta mpya iwekwe tena baada ya tenki la kwanza.

"Spiriti inavuta maji." Ndiyo, lakini si kwa gari linalotembea kila siku. Maji kidogo yakiingia kwenye petroli tupu yanakaa chini ya tenki tangu siku ya kwanza. Yakiingia kwenye mchanganyiko, etanoli inayashika na kupita nayo hadi yanatoka kwenye sailensa. Ina kikomo: katika tenki la lita 50 lenye etanoli asilimia 10, ni kama robo lita, na baridi ikizidi kikomo kinashuka. Gari lililoegeshwa Uyole, hapa Mbeya, Juni na Julai, kifuniko cha tenki kibovu, usiku wa baridi kali, linaweza kuvuka kikomo hicho. Hapo etanoli inaungana na maji na kuzama chini, kule kule pampu inakonyonya. Kuongeza petroli juu hakusaidii. Mwaga, osha tenki, anza upya.

Kabla hujailaumu spiriti, ipime. Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji sehemu moja, weka alama, ongeza petroli sehemu tisa, funga, tikisa, acha itulie. Maji yakipanda hadi karibu maradufu, mafuta yako yana etanoli asilimia 10 hivi. Yakibaki kwenye alama, hakuna spiriti humo, tafuta kosa kwingine. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, na usimwage mtaroni.