Usiikate Mausi Umeme

Juma hili kaja kijana wa tatu tangu mwaka uanze, na neno lake ni lile lile. Hata hajaketi: "Fundi, si waya nne tu? Nikate, nitie swichi ya kuzungusha, nitumie kibodi moja na mausi moja kwa mashine mbili." Ana kompyuta mbili kuukuu, 486 na Pentium ya zamani, zote kazinunua kwa bei ya chuma chakavu, na meza ya chumbani kwao Majengo haienei vyombo viwili viwili. Haja yake naielewa. Hilo "si waya nne tu" ndilo lililonichosha.

Ndiyo, ni nne kwa kila kifaa: data, kloki (mapigo yanayopima data), volti 5 na negativu. Kwenye PS/2, ile plagi ndogo ya duara ya kibodi na mausi yenye pini 6, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, pini mbili zimekaa bure. DIN, plagi kubwa ya duara ya kibodi ya AT, kompyuta ya IBM ya 1984, inatofautiana kwa pini tu, lugha ni moja, adapta ya waya peke yake yatosha. Kibodi ya XT, mashine iliyoitangulia AT, huingia tundu lile lile la DIN lakini lugha yake ni nyingine, usijisumbue. Hayo yamekwisha.

Sasa tutulie hapa. Taa ya sebuleni ukiizima na kuiwasha ni taa ile ile. Mausi ina kumbukumbu. Ikipata umeme hujipima, hutuma misimbo AA na 00, kisha hunyamaza. Waweza kuisugua mezani mpaka magharibi, haitoi neno hadi kompyuta iitumie amri F4, yaani ruhusa ya kusema. Draiva hutuma F4 inapopakiwa, basi. Ukizungusha swichi inayokata nyaya zote nne, umeiua mausi na kuizaa upya: yenyewe yangoja F4, kompyuta nayo yajua ilishaituma zamani. Mshale umekwama! Na watu huniletea mausi nzima wakiapa kwamba imeungua.

Ya gurudumu ina balaa zaidi. Draiva iliagana nayo ilete bayti 4 kwa kila tukio. Ikizaliwa upya hurudi kwenye 3. Ukiipa F4 bila kuikumbusha agano hilo, kompyuta huendelea kuhesabu nne nne, mshale unaruka pembe hadi pembe, menyu zafunguka zenyewe. Wanasema ni virusi. Si virusi.

Kibodi hudanganya watu kwa sababu huanza kusema pindi ipatapo umeme. Mtu akiona inaandika, anasema kazi imekwisha. Lakini uhame huku umebana Ctrl: msimbo wa kuachilia hauifikii mashine ya kwanza, nayo itabaki ikiamini Ctrl imeshikwa. Tena mashine nyingi za umri huo zikiwaka bila kuona kibodi hugoma, zikitaka ubonyeze kitufe cha F1 kwenye kibodi hiyo hiyo zisiyoiona.

Kidude changu cha kuhamisha nakitengeneza hivi. Volti 5 hazikatwi kamwe. Zatoka mashine zote mbili, kila upande na dayodi yake ya Schottky (mlango wa umeme wa kwenda upande mmoja tu), ili mashine inayowaka isiirudishie umeme iliyozimwa. Kloki na data za kila upande zaingia kwenye ATmega328, chipu ndogo inayoprogramiwa. Hiyo hujifanya kibodi na mausi kwa mashine isiyotumika, hujibu FA, yaani "nimepokea", kila inapoamriwa, na huhifadhi ilichoambiwa: taa za Caps na Num, kasi ya kurudia herufi, bayti 3 au 4. Ukihama, kwanza huachilia vitufe vyote kwa mashine unayoiacha, hungoja fremu ya biti 11, yaani bayti moja na alama zake, iishe, ndipo huisomea mausi amri za unakokwenda. Na pini za ATmega zivute laini chini au ziiachie. Kusukuma juu ni kazi ya resista. Ukilisahau hilo, siku kompyuta na ATmega zitakapotaka laini kwa pamoja utaunguza kitu.

Mambo mawili hayajaniacha na amani. Dayodi hula karibu volti 0.3, na kibodi za zamani zenye njaa ya umeme huanza kuyumba. La pili ni negativu za mashine mbili kukutana ndani ya kidude changu. Nyumba za Mji wa Kale nilizofanyia kazi, soketi nyingi hazina ethi ya kweli, nami nimeona cheche nikichomeka. Kwa hiyo nachomeka zote kwenye ekstensheni moja, na sichomeki PS/2 mashine ikiwaka. Maana hapo fyuzi ndogo ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) iliyo karibu na tundu yaweza kukatika, na ikikatika, kibodi na mausi hufa pamoja.

Kijana nikamuuliza: "Mwanangu, mausi yako ina gurudumu?" Haina. Basi mashine zote mbili zitaitaka bayti 3, na mausi isiyokatwa umeme haisahau F4. Nikampa dayodi mbili na mchoro. Swichi yake ya kuzungusha itamtosha, mradi ihamishe kloki na data pekee, iachie upande mmoja kabla ya kushika wa pili, na aisafishe vigusio mara kwa mara, maana upepo wetu wa bahari hauna huruma na shaba. Mashine aziwashe moja moja, kila moja wakati swichi iko upande wake.