Kabla ya kubana maji, itafute mita

Ukame ukianza, simu yangu haitulii, na swali ni lile lile: "Fundi, tupunguze nini?" Jibu langu nalo halibadiliki: mita yenu ya maji inasemaje? Hapo kimya huingia. Wengi hawakumbuki mara ya mwisho walipoitazama, na kwa wengine inabidi kwanza tuitafute chini ya majani na utando wa buibui.

Kazi yangu ni mabomba ya nyumbani na umwagiliaji wa bustani ndogo. Ninachokiona ukame baada ya ukame ni watu kujibana pale maji yanapoonekana, huku yakiwatoka pale yasipoonekana. Mtu atapiga mswaki kwa nusu kikombe, na ukutani nyuma yake choo kinavuja usiku kucha.

Kuna nyumba moja siisahau. Watoto walikuwa wanaoga kwa kopo, vyombo vinaoshwa kwa beseni moja, maua yameachwa yafe, na bado matumizi hayakushuka. "Fundi, hiyo mita ni mbovu," mama mwenye nyumba aliniambia kabla sijafungua begi. Tukafunga koki zote, tukaandika namba kwenye karatasi, tukakaa kivulini saa mbili bila mtu kugusa maji. Tuliporudi, zilikuwa zimepita lita 40. Hizo ni lita 480 kwa siku, katika nyumba ambayo watoto walikatazwa kucheza na maji.

Mwizi alikuwa tangi la choo. Kifuniko cha mpira kilichoko chini ya tangi kilikuwa kimechakaa, na maji yalikuwa yanateleza kwenye bakuli kama utepe mwembamba, bila sauti. Ukitaka kukamata uvujaji wa namna hii, tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji, subiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira umekwisha kazi. Kama huna rangi ya chakula, kausha ukuta wa ndani wa bakuli na uweke kipande cha karatasi laini pale nyuma. Kikilowa peke yake, jibu umelipata. Angalia pia boya, lile linaloelea ndani ya tangi na kufunga maji likijaa: likiwa limekaa juu mno, maji hupanda hadi kwenye bomba la kuzuia kufurika na kushukia humo humo, saa 24 kwa siku.

Koki nazo tusizisamehe. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Tone la koki ni kama robo ya mililita, kwa hiyo ni zaidi ya lita 21 kwa siku, karibu lita 8,000 kwa mwaka. Mara nyingi kinachohitajika ni washa mpya, yaani kile kipete cha mpira cha ndani ya koki, na dakika kumi. Lakini ona tofauti: koki inayodondosha kila mtu huiona na kuilalamikia, ilhali choo kile kilipoteza zaidi ya mara 20 ya kiasi hicho na hakuna aliyekinong'ona.

Uvujaji ukishazibwa, pima matumizi yenyewe. Chukua ndoo ya lita 10, iweke chini ya shawa, fungua kama unavyofungua siku zote, na utazame saa. Ikijaa ndani ya sekunde 45, shawa yako inatoa lita 13 na kitu kwa dakika, na kuoga dakika nane ni zaidi ya lita 100. Kichwa cha shawa cha kubana maji hutoa lita 6 hadi 9 kwa dakika. Cape Town ilipobanwa na ukame, kuanzia Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku kwa mahitaji yake yote. Linganisha na ndoo yako.

Vyoo vya zamani humeza lita 9 au zaidi kila unapovuta, vya kisasa lita 6 au chini ya hapo, na vyenye vitufe viwili hutumia kama lita 3 kwa haja ndogo. Kama choo chako ni cha zamani, jaza chupa ya lita moja maji na kokoto, ifunge vizuri, uisimamishe ndani ya tangi mbali na boya. Kila unapovuta unaokoa lita moja. Tofali usiweke, hata kama ulishauriwa: humomonyoka taratibu na mchanga wake huishia kwenye mpira, ukarudi kule kule tulikoanzia. Na usizidishe chupa hadi ulazimike kuvuta mara mbili.

Mimi hapa huenda mbali kidogo. Maji safi ya kunywa kuvutia choo wakati wa ukame ni jambo ambalo sijawahi kulizoea. Oga ukiwa umesimama ndani ya beseni pana, na maji hayo yaende chooni. Yamwage moja kwa moja kwenye bakuli, kwa mkupuo mmoja na kutoka juu kidogo. Msukumo ndio unaosafisha, na lita 6 hivi zinatosha. Usiyatie kwenye tangi, maana sabuni na nywele zitaharibu valvu. Yale maji baridi yanayotangulia kabla ya maji moto kufika hayajaguswa na sabuni wala uchafu. Yakinge kwenye ndoo, hayo ni ya mimea.

Sasa bustani, ambako makosa ni mengi zaidi, yakiwemo yangu.

Mwaka mmoja nilijiona mjanja. Maji yote ya kufulia niliyapeleka kwenye tuta moja la mboga, miezi miwili mfululizo. Mwanzoni mimea ilinawiri. Baadaye kingo za majani zikaanza kuungua, na udongo ukawa mgumu, wenye ukoko, maji yakisimama juu kama kwenye sakafu. Sabuni nyingi za unga zina chumvi za sodiamu kwa wingi, na sodiamu hutawanya chembe za udongo wa mfinyanzi hadi matundu yanaziba. Nikajifunza kwa gharama ya tuta zima. Siku hizi natumia maji ya kusuuzia ya mwisho tu, nabadilisha mahali kila mara, na yale yenye dawa ya kung'arishia nguo au boraksi, chumvi ya kufulia yenye boroni, hayaguswi kabisa. Boroni kidogo huhitajiwa na mmea, ikizidi kidogo tu ni sumu. Maji yenye mafuta ya jikoni nayo huziba udongo na kunuka.

Mambo mengine ya maji yaliyotumika: yatumie siku hiyo hiyo, kwa kuwa yakilala vijidudu huongezeka na harufu hufuata. Mimina kwenye udongo, si juu ya majani. Usiyapeleke kwenye mboga za kuliwa mbichi wala za mizizi. Maji yaliyofua nepi ni ya chooni, hayana kazi bustanini. Miti na vichaka vya maua ndiyo huyavumilia zaidi.

Namna ya kumwagilia ina uzito kuliko kiasi. Lita moja ikisambazwa kwenye mita moja ya mraba ni kina cha milimita moja tu. Basi mtu anayepitisha kopo kila jioni na kumwaga lita 5 kwa mita ya mraba amelowesha sentimita tatu hivi za juu za udongo wa tifutifu uliokauka, na kesho saa sita jua limezichukua zote. Mizizi, ambayo hufuata unyevu, hubaki juu juu, ikawa mateka wa kopo lake. Maji hayo hayo ya siku sita, lita 30, yakimwagwa kwa mara moja na polepole, hushuka sentimita 15 hadi 20, mahali ambapo jua halifiki kirahisi. Udongo wa kichanga huyapitisha mbali zaidi lakini hauyashiki, kwa hiyo huko mwagilia kidogo zaidi na mara nyingi zaidi. Mfinyanzi huyanywa taratibu, mwage kwa vituo. Ukitaka kujua yamefika wapi, usitazame juu. Chimba kwa mwiko au sukuma kijiti, ukione kilivyotoka.

Wakati mzuri ni alfajiri. Jioni si mbaya sana, ila majani yakilala na maji magonjwa ya ukungu hupata nafasi. Mchana acha.

Matandazo ndiyo uwekezaji ninaoupigia debe bila aibu. Tandaza nyasi kavu, majani makavu au maganda ya mbao kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini lowesha udongo kwanza. Matandazo juu ya udongo mkavu huulinda ukavu wenyewe, na mvua nyepesi haipenyi. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina lisioze. Nyasi mbichi zilizofyekwa usizirundike, hushikana zikawa kama mkeka na kupata joto. Zianike kwanza.

Halafu kuna chungu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kikifukiwa hadi shingoni, kikajazwa maji na kufunikwa, huchuja maji kupitia kuta zake kadiri udongo wa nje unavyokauka. Udongo ukiwa umelowa, mchujo hupungua wenyewe. Wachina waliiandika mbinu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na sijaona kifaa cha betri kinachoifanya kazi hiyo kwa utulivu kama ule. Panda kuzunguka chungu, karibu na ukuta wake. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu husaidia pia, ingawa yenyewe haijui mmea umeshiba au la, inamwaga tu.

Tuta lililoinuliwa, linalosifiwa sana kwenye picha, ni tabu wakati wa ukame: maji hukimbia na upepo hulikausha pande zote. Kiangazi mimi hupanda kwenye kitanda kilichoshushwa, sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi, ili kila tone libaki mahali pake.

Na kama maji hayatoshi wote, chagua, ingawa ni uamuzi mchungu. Kwanza miti michanga, maana mti uliokufa huchukua miaka kurudishwa. Halafu mboga zilizo kwenye maua na zinazofunga matunda, ambazo siku chache za kiu huharibu mavuno yote. Ukoka uwe wa mwisho. Aina nyingi za nyasi zikibadilika kahawia zimelala tu, hazijafa, na mvua huziamsha. Mti mkubwa usiumwagilie shinani. Mizizi yake inayonyonya iko mbali, karibu na pale kivuli cha matawi kinapoishia na kupita. Palilia, kwa kuwa kila gugu ni pampu. Mbolea ya naitrojeni iache, itakuletea majani mengi laini yenye kiu usiyoweza kuituliza.

Usisubiri wingu ndipo ushughulikie paa. Milimita 10 za mvua kwenye paa lenye eneo la mita 60 za mraba, ukilipima chini kama kivuli chake cha saa sita, ni lita 600. Ukitoa yanayopotea, weka hesabu ya lita 500 hivi. Safisha milizamu mapema. Maji ya mwanzo kabisa yaache yapite, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Milimita ya kwanza kwenye paa hilo ni lita 60. Tangi lifunikwe kwa wavu, la sivyo utafuga mbu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo watu hulisahau. Udongo uliokauka kwa miezi, hasa wa kichanga wenye mabaki ya majani, hujivika kitu kama nta. Maji yakigusa hujikusanya vidonge vidonge na kuteleza. Ndiyo maana mvua ya kwanza, inayosubiriwa kuliko zote, mara nyingi hupita juu ya bustani na kuishia mtaroni. Kwenye vyungu vya maua utaona maji yakishuka kwa pembeni na kutokea chini huku katikati pakavu. Chungu cha namna hiyo kizamishe kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yaishe. Kwenye matuta, mimi huweka akiba ya ndoo mbili. Siku wingu zito linapojikusanya, nakwaruza udongo wa juu kwa reki na kuzimwaga ndoo zile taratibu kwa kopo lenye matundu, jirani akinitazama juu ya ua na kuniuliza kama sioni mvua inakuja.

Naiona. Ndiyo naifungulia mlango.