Je, wajua? Waliojaza makombora ndio walionyimwa kura

Ukiambiwa kwamba wanawake wa Uingereza walipewa kura mwaka 1918 kama asante kwa kazi yao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, uliza kwanza: walipewa wa umri gani? Ni wa miaka 30 kwenda juu, tena yeye au mumewe awe na nyumba au ardhi. Mabinti waliokesha viwandani wakijaza baruti kwenye makombora, wengi wao hawakufikia umri huo.

Na kazi yenyewe haikuwa lelemama. Kabla ya zamu walipekuliwa. Vibanio vya nywele, pete na viberiti viliachwa mlangoni, maana cheche moja ilitosha kuwamaliza wote. Walioshika baruti ya TNT siku nenda siku rudi waligeuka manjano usoni na mikononi, watu wakawabandika jina la kanari, yule ndege wa manjano. Huko Barnbow, karibu na Leeds, mlipuko wa Desemba 1916 uliua wanawake 35.

Kura ilikujaje basi? Kwa mlango wa uani. Sheria ilimtaka mwanamume anayejiandikisha awe amekaa mahali pamoja miezi 12. Askari aliyeko kwenye mahandaki ya Ufaransa angetimizaje sharti hilo? Mtu anaipigania nchi, huku daftari la wapiga kura halimtambui! Bunge likalazimika kuifumua sheria, na ilipofumuliwa, Millicent Fawcett na wenzake, waliokuwa wakidai kura tangu karne ya 19, hawakukubali irudishwe kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo jasho la viwandani lilipofaa: liliwapa wapinzani njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Asquith, aliyeipinga kura ya wanawake kwa miaka mingi akiwa waziri mkuu, alisimama bungeni Machi 1917 akakiri kuwa amebadili msimamo, akitaja mchango wao vitani. Miezi mitatu baadaye wabunge 385 waliunga mkono kifungu cha kuwapa wanawake kura, 55 wakakikataa.

Umri wa 30 nao ulikuwa wa makusudi. Vita ilikuwa imefyeka vijana wa kiume, na wanasiasa waliogopa kwamba wakiwaruhusu wanawake wa miaka 21, kama wanaume, wangekuwa wengi kuliko wanaume kwenye kituo cha kura.

Kazi ya vita peke yake isingetosha, na ushahidi uko ng'ambo tu ya mkono wa bahari. Wanawake wa Ufaransa nao walitengeneza makombora, lakini Seneti yao ikaikataa kura yao mwaka 1922, wakaipata 1944, katika vita nyingine.

Waingereza walisawazisha umri mwaka 1928. Kwa hiyo kanari aliyekuwa na miaka 18 vita ilipokwisha alichagua mbunge kwa mara ya kwanza Mei 1929, umri ukigonga 29, na manjano ilikwishamtoka zamani.